Niliacha chuo kwa sababu ya choo, na AI yenu hainijui

Wacha nianze na aibu, ili tukifika huko mbele tuwe tushazoeana.

Niliacha chuo kwa sababu ya choo. Sikufeli. Sikupata mimba, ingawa hapa Utange hiyo ndo stori iliyofika kabla ya mimi kushuka kwa tuktuk na begi langu. Nilikuwa mwaka wa pili, naenda haja mara kumi na tano kwa siku, na mara nyingi kinachotoka ni damu na ute. Siku ya mtihani niliomba ruhusa ya kutoka, nikapewa. Mara ya pili msimamizi akanitizama juu chini. Mara ya tatu akatuma dada mmoja anifuate hadi mlangoni, manake alishajiambia nimeficha mwakenya huko ndani. Nilikaa mle nalia, dada wa watu amesimama nje ananisikiza, na karatasi yangu kule mezani ina majibu ya swali moja na nusu. Sikurudi kwa chumba cha mtihani. Semista iliyofuata sikurudi chuo.

Sasa nina jina la ugonjwa wangu, nina dawa, naishi. Lakini wiki hizi kila nikifungua simu nakutana na klipu ya jamaa ana kipaza sauti na taa za rangi nyuma yake, anatuambia AI, akili mnemba, ishamaliza kazi. Ati italijua gonjwa lako kabla hujalihisi. Ati daktari kwisha. Na vijana wenzangu wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanapiga makofi.

Hapo ndo nataka tuongee. AI siichukii. Naitumia kukata video zangu, naitumia kuandika barua za kuomba kazi za matangazo. Nachosema ni kimoja tu: AI inayosomea magonjwa ya utumbo kama wangu karibu haijasoma tumbo la mtu kama mimi. Na mpaka isome, kwa masharti yetu sisi wenye matumbo, tunashangilia harusi ambayo hatukualikwa.

Kwanza ugonjwa wenyewe, manake wengi wenu mtakuwa hamjawahi kuusikia. Kwa kifupi unaitwa IBD. Ni familia ya magonjwa mawili makubwa. Kuna kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana, na ndo yangu mimi. Kuna ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kutoka mdomoni hadi njia ya haja, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1932. Kwa yote mawili, kinga ya mwili, wale askari wako wa ndani, inageuka na kuupiga utumbo wako mwenyewe. Unavimba, unachubuka, unatoa damu. Hauambukizi. Si adhabu ya uchafu. Dawa haziuondoi kabisa, lakini zinaweza kuutuliza ukanyamaza miezi, hata miaka.

Na haukai tumboni peke yake. Una watoto wake unaowatuma sehemu nyingine: viungo, macho, ngozi, upungufu wa damu, mifupa kudhoofika, damu kuganda kwenye mishipa, mirija ya nyongo kuharibika. Ukikaa nao miaka mingi bila kuudhibiti, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda. Na kichwa nacho kinaumia, huzuni na wasiwasi, lakini hilo nani atalishangaa.

Sasa sikiza kisa changu na hao watoto.

Mwaka 2021 magoti yangu yalivimba. Nikaenda kituo cha kwanza, nikaambiwa ni baridi ya hosteli, nikapewa vidonge vya maumivu. Baadaye sana niliambiwa dawa za aina ile zinaweza kuuchokoza utumbo wenye ugonjwa kama huu. Mwaka 2022 jicho la kushoto likawa jekundu, mwangaza wa jua ni kama sindano. Kituo cha pili, matone ya macho. Kisha vinundu vyekundu kwenye miguu, vinauma ukivigusa. Kituo cha tatu, "umeng'atwa na wadudu". Kisha kizunguzungu, damu iko chini. Kituo cha nne, vidonge vya chuma na nikaambiwa nile mchicha. Na tumbo lenyewe lilikuwa na kituo chake cha tano, ambapo niliambiwa amiba, kisha taifodi, kisha amiba tena. Nilikunywa Flagyl mpaka ladha yake ya chuma ikawa ndo mate yangu.

Mamangu alikuwa na jibu lake pia. Alinipeleka kwa sheikh nikasomewa, nikanywa kombe. Simcheki mamangu na nyinyi msimcheki. Wale wenye vipimo walikuwa washashindwa mara tano, yeye alijaribu mara moja. Mtaani nako nilipokonda wakanipima kwa macho wakasema nina mdudu. Kuna rafiki yangu aliacha kunywa maji kwa kikombe changu.

Magoti, jicho, ngozi, damu, tumbo. Vituo vitano, madaftari matano. Wajua ukienda hospitali ya umma hapa kwetu jinsi mambo yalivyo: unanunua daftari la shule pale nje, unaandika jina lako kwa jalada, na hilo ndo faili yako ya matibabu. Kwa mgongo wa daftari langu moja kulikuwa na jedwali la kuzidisha. Moja lililowa siku ya mvua, wino ukawa mto. Moja nyanya yangu aliwashia jiko, na wala simlaumu, kwake lilikuwa ni karatasi. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuyafungua yote juu ya meza moja.

Aliyekuja kuuliza ni kijana mmoja wa kike, bado yuko kwa mafunzo, hata kiti chake hakikuwa chake. Alinitizama akasema, "Dada, hayo magoti na hilo jicho, huwa yanakuja siku zile tumbo limechacha?" Nikanyamaza. Nikahesabu. Ndio. Kila mara. Swali moja. Baada ya hapo ikawa ni kutafuta pesa za kolonoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa kuangalia utumbo kwa ndani. Elfu thelathini na tano. Chama cha mamangu, mjomba wa Mtopanga, watu watatu nisiowajua walionitumia M-Pesa baada ya kuona video yangu. Mwaka 2024 nikapata jibu.

Sasa wewe shabiki wa AI, utaniambia hapo hapo: si umeona? Kuunganisha nukta tano ndo kazi ambayo mashine inaiweza kuliko mtu! Na nakubali. Tena nakuongezea hoja upande wako. Denmark kila raia ana namba moja, na vipimo vyake vya damu vinaandikwa kwenye hazina moja. Mwaka 2023 watafiti wa kule walionyesha kwamba vipimo vya kawaida vya damu huanza kubadilika hadi miaka 8 kabla mtu hajaambiwa ana Crohn, na miaka 3 kabla ya kolaitisi ya vidonda. Mitatu kwangu ingerudi nyuma hadi 2021. Mwaka nilioingia chuo. Mwaka wa magoti.

Kwa hivo msinifundishe uwezo wa teknolojia. Naujua kwa uchungu. Mashine ikipewa picha elfu nyingi za utumbo inajifunza kutofautisha utumbo mzima na uliochubuka. Ikipewa rekodi za watu laki kadhaa inaona kwamba jicho hili na goti lile hutembea pamoja. Lakini ipewe. Hilo ndo neno. Hakuna mashine duniani inayoweza kusoma daftari lililowashia jiko Utange.

Halafu kuna kundi lingine linalonichosha zaidi. Hawa wanasema: dada, hiyo IBD ni ugonjwa wa wazungu, sisi tuna shida zetu. Nimeambiwa hivo na mtu mzima mwenye shahada mbili.

Tujue hilo neno limetoka wapi. Kulikuwa na daktari mpasuaji Mwairishi, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago kule Kampala. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda miaka mingi, waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Uingereza hayaonekani kwa wagonjwa wao wa Kiafrika. Wakasema siri ni chakula chenye nyuzinyuzi: mihogo, maharagwe, nafaka zisizokobolewa. Mwaka 1981 walitoa kitabu kizima kuhusu "magonjwa ya Magharibi". Sitamtukana Burkitt. Alitazama alichokiona, na dunia ikaanza kuheshimu chakula cha nyanya zetu kwa sababu yake. Chakula kina uzito kweli, na maisha ya mjini yanabadilisha matumbo.

Shida ni kilichofuata. "Ni nadra" ikageuka "haupo". Na ukishaambiwa ugonjwa haupo, hutautafuta. Usipoutafuta, hutauona. Usipouona, hautaandikwa. Usipoandikwa, mashine ikija kusoma maandishi inakuta mtu mweusi wa Pwani anayehara damu ni amiba, mia kwa mia. Inajifunza hivo. Kisha inamshauri daktari wa kesho hivo hivo, kwa sauti ya kujiamini, kwa skrini nzuri. Lile kosa lililokuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyechoka saa kumi jioni sasa limekuwa mfumo.

Na hata usinielewe vibaya, amiba ipo. Kifua kikuu kipo, Kenya iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Na TB haikai kifuani tu, inaingia hadi utumboni, na ikiingia huko inafanana na Crohn kama pacha. Hapa ndo pa kuogopa. Ukimpa mtu wa TB zile dawa za kushusha kinga anazopewa mtu wa Crohn, unaweza kumuua. Ukimpa mtu wa Crohn dawa za TB, anazimeza miezi na ugonjwa wake unaendelea kula utumbo. Daktari wa hapa anatembea juu ya uzi kila siku, na simlaumu akiangalia kwanza kile anachokiona kila siku.

Kwa hivo kama kuna mahali AI ingetufaa ni hapo. China na Korea Kusini, ambako TB pia wanaijua vizuri, watafiti washafundisha mashine kwa picha za kolonoskopi itofautishe TB ya utumbo na Crohn. Hilo ndo swali letu kabisa! Nani wa Pwani ya Kenya amepewa pesa ya kuliuliza kwa matumbo ya Pwani? Kolonoskopi yenyewe kuipata ni harambee, hizo picha za kufundishia mashine zitatoka wapi?

Wacha niwape hesabu muone tulivyoachwa nje. Mwaka 2012 ulitoka utafiti mkubwa wa jeni za IBD. Ulitumia watu takriban 75,000, ukataja sehemu 163 za jeni zinazohusika na ugonjwa. Karibu wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Mwaka 2015 wakaupanua: watu 86,640 wa asili ya Ulaya, na 9,846 wa asili ya Asia Mashariki, India na Iran. Afrika, hesabu yako ni ngapi? Hata kundi hatukupewa. Ukija kwa bakteria wanaoishi tumboni, mwaka 2022 watafiti walihesabu sampuli zilizomo kwenye hazina za dunia wakakuta zaidi ya asilimia 40 zimetoka Marekani, nchi yenye kama asilimia 4 ya watu wa dunia.

Ukiona modeli imejaa hivo, halafu mtu anakwambia "AI inajua tumbo la binadamu", muulize binadamu gani.

Niliijaribu mwenyewe. Nilimuuliza roboti mmoja wa simu nile nini nikiwa na kolaitisi. Aliongea vizuri wallahi, Kiswahili safi. Akaniambia nipunguze mkate wa shayiri nyeusi, niwe makini na beri, nijaribu samaki wa baharini ya baridi. Mimi asubuhi yangu ni mahamri na mbaazi za nazi. Jioni ni viazi karai na ukwaju, ama muhogo na achari. Nilitaka kujua kuhusu nazi. Nilitaka kujua kuhusu pilipili. Nilitaka kujua nikifunga Ramadhani dawa nizipange vipi. Akarudia shayiri.

Lakini sasa chekeni kidogo, manake kumbe matumbo yetu yana thamani. Wahadzabe wa Tanzania, wale wanaowinda na kuchuma asali karibu na Ziwa Eyasi, kinyesi chao kimesafiri kuliko mimi. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walitoa utafiti wa sampuli 351 kutoka kwa Wahadzabe na watu wa kulinganishwa nao Nepal na California. Walipata jenomu 91,662 za vijidudu, asilimia 44 hazikuwepo kwenye hazina zilizojulikana. Wakataja spishi 124 zinazotoweka kwenye matumbo ya watu wa nchi za viwanda. Na wanasayansi wanazitaka sana, kwa sababu huenda kupotea kwa vijidudu hivyo ndo sehemu ya sababu matumbo ya huko yanawaka moto.

Umeona mchezo? Tumbo letu likiwa zima, ni hazina ya kuwasaidia wao wasiugue. Tumbo letu likiwa gonjwa, halipo kwa hesabu.

Na usije ukaniambia haiwezekani kufanywa vizuri. Januari 2025 ulitoka utafiti mwingine wa bakteria wa tumboni, wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, wakiwemo wakaazi wa mitaa ya Nairobi. Huo watafiti wa Kiafrika walikuwa ndani, kwa uongozi, na bakteria wengine waliopatikana hawakuwa wamewahi kuandikwa popote. Na hapa kwetu, panda matatu pale Mtwapa ushuke Kilifi: kuna kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza 1989, kinachofuatilia afya ya mamia ya maelfu ya watu wa kaunti ile, kijiji kwa kijiji. Akili zipo. Maabara zipo. Zimejengwa kwa malaria na magonjwa ya watoto, na ni sawa, malaria iliua. Nauliza tu, zamu ya tumbo ni lini?

Najua kuna msomaji mwenye hasira hapa. Atasema, dada unatutia mtegoni. Unataka tuwape hawa watu data zetu? Umesahau?

Sijasahau. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni KICC Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, kwa tokeni za kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze adabu. Desemba 2025 serikali yetu ikatia saini makubaliano ya afya na Marekani, dola bilioni 1.6 kutoka upande wao, na haikuchukua wiki mbili Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda kipengele cha kupeana data za wagonjwa. Hasira yako ina sababu. Ninayo pia.

Lakini angalia kinachotokea tukifunga mlango kabisa. Marekani kulikuwa na algorithimu ya hospitali iliyotumika kuamua nani apewe huduma za ziada. Mwaka 2019 watafiti waliichunguza. Mashine ilikuwa inapima ukali wa ugonjwa kwa pesa zilizotumika kumtibu mtu. Watu weusi walikuwa wametumiwa pesa kidogo, kwa hivo mashine ikawaona wazima. Walipofanya hesabu upya kwa haki, sehemu ya watu weusi waliostahili msaada ilipanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Rudia hiyo kichwani. Kukosa matibabu kulihesabiwa kuwa ni afya njema.

Hiyo ndo bei ya kutoonekana. Mimi miaka ile yote, kwa karatasi, nilikuwa msichana mwenye amiba. Mzima kabisa wa IBD. Ukinyamaza mashine haitasema "sina habari zake", itasema "hana kitu".

Kwa hivo nakataa yote mawili. Nakataa kugawa tumbo langu kama sampuli ya bure, na nakataa kujificha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ndani yake habari za afya yako ni data nyeti, una haki ya kujua inatumiwa kwa nini na kukataa. Ina Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Karatasi tunazo. Zitumike.

Na AI ikifanywa hapa, kwa wagonjwa wa hapa, inafanya kazi. Mwaka 2025 kliniki 15 za Penda Health Nairobi zilijaribu msaidizi wa AI pamoja na OpenAI, kwa ziara 39,849 za wagonjwa. Wahudumu waliokuwa na msaidizi huyo walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu kwa asilimia 13. Angalia kwa nini ilifaa: mhudumu alibaki kitini, mashine ilikaa pembeni kama mwenzake mwenye kiherehere anayeuliza "una uhakika?", na ilijaribiwa kwa watu wenye magonjwa yetu. Lile swali la magoti na jicho nililoulizwa kwa bahati, hebu fikiria lingekuwa linatokea kwa skrini ya kila dispensari kutoka Mwembelegeza hadi Mtongwe, kila msichana anaporudi mara ya tatu na tumbo lile lile.

Basi kabla ya kuniletea klipu nyingine ya roboti anayetibu kila kitu, niletee hivi. Daftari la shule liondoke, kila mgonjwa awe na rekodi moja inayomfuata kutoka dispensari hadi hospitali kuu, na ifungwe vizuri. Kolonoskopi ipatikane kwa hospitali za umma bila mtu kupigisha harambee, manake AI ya picha bila picha ni kelele. Wanaochukua sampuli Pwani watuambie kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa Kisomali, nini kinaenda wapi, na majibu yarudi hapa hapa yalikotoka, kwanza. Na kaunti zetu ziwafundishe wahudumu kwamba IBD ipo, hata kama ni nadra. Hilo la mwisho halihitaji hata umeme.

Wewe mwenyewe je, wakati tunangoja? Ukiona damu kwa choo wiki baada ya wiki, ukikonda bila sababu, ukiamka usiku kukimbilia haja, usijitibu kwa simu na usimeze dozi ya tatu ya amiba kimya kimya. Piga picha kila ukurasa wa daftari lako leo, ziweke pamoja. Andika tarehe za magoti, macho, vidonda vya mdomo, ngozi. Ukikaa mbele ya daktari mwambie yote kwa pamoja, kisha muulize kwa heshima: je, inawezekana ni IBD? Akikucheka, tafuta mwengine. Roboti mtumie ukitaka, akusaidie kupanga maswali. Kiti cha daktari usimpe.

Juzi nilipita nje ya kile chumba cha mtihani. Sikuingia. Nilisimama kidogo nikaona dirisha la choo kwa nyuma, lile dogo, bado halina kioo. Nikafikiria kuna mwengine mle ndani saa hii, mwaka wa pili, ana miaka ishirini, na kuna mtu mlangoni anamuambia atoe mwakenya. Yeye hayuko kwa data ya mtu yeyote. Huyo ndo nimemuandikia.